Ordinatere inayokawia kuamka: tutafute sababu mbele ya kutafuta dawa

Mwezi wa Oktoba 2024, wakati jakaranda za Lubumbashi zilipochanua na joto lilipozidi mbele ya mvua, tuliitwa katika nyumba moja ya mtaa wa Golf, upande wa Meteo. Baba wa nyumba ni mwalimu aliyekwisha kustaafu. Binti yake mkubwa alikuwa akimaliza masomo ya chuo kikuu, akiandika kile kitabu cha mwisho ambacho wanafunzi wetu wanakiita memuari. Ordinatere ya nyumba ilikuwa moja tu, ya kubeba, iliyonunuliwa kwa okazio. Neno walilotuambia lilikuwa fupi: «Mashini inakawia kuamka.»

Tulitazama saa. Tangu kubonyeza kitufe hata binti kuweza kuandika neno la kwanza, zilipita dakika 12. Mtu wa mji mwingine atasema: dakika 12 si kitu, anywe chai akingoja. Lakini katika nyumba ile umeme ulikuwa ukija na kwenda, na betri ya mashini ilikuwa imekufa zamani. Umeme ukikatika, mashini inazimika palepale; ukirudi, kazi inaanza tena toka mwanzo. Ukikatika mara tatu jioni moja, ni dakika 36 zilizopotea. Tena memuari ilikuwa na kurasa 84, wala haikuandikwa pahali pengine po pote ila ndani ya mashini ile.

Mbele yetu, watu watatu walikuwa wamekwisha kutoa shauri. Kijana wa nyumba alisema kama ni virusi. Jirani alisema kama ni uzee, na ya kuwa sharti wanunue nyingine. Fundi mmoja alisema kama dawa ni moja tu: kufuta vyote vilivyomo na kuweka Windows mpya. Angalieni, wasomaji wapenzi: mashauri matatu, madawa matatu, wala hakuna hata mmoja aliyepima kitu.

Kukawia si ugonjwa. Ni dalili ya ugonjwa. Mtoto akiwa na homa, homa ile yaweza kutoka katika malaria, katika tifoidi ao katika kidonda kilichooza. Mganga anayetoa dawa bila kutazama damu huenda akamponya mmoja kwa bahati, na wa pili akamwua. Ndivyo ilivyo kwa ordinatere. Tuone basi namna ya kutafuta sababu kwa utaratibu.

I. Mashini inafanya nini inapoamka?

Twende hatua kwa hatua, kwa maana asiyejua njia hawezi kujua pahali msafiri alipokwama.

Hatua ya kwanza. Unapobonyeza kitufe, inaamka programu ndogo iliyowekwa na kiwanda katika ubao wa mashini. Jina lake la zamani ni BIOS. Katika mashini za siku hizi ni UEFI. Kazi yake ni kuhesabu viungo: je, kumbukumbu ipo? klavie ipo? disiki ipo? Kiisha inatafuta disiki yenye Windows na kuikabidhi kazi.

Hatua ya pili. Alama ya Windows inaonekana katika kioo. Hapa kiini cha Windows kinatolewa katika disiki na kuwekwa katika kumbukumbu, pamoja na programu ndogo zinazojua kuongoza kila kiungo. Kama umeme ulikatika ghafula siku iliyotangulia, huenda pia mashini ikaanza kukagua disiki. Kama kuna marekebisho yaliyoachwa nusu, itajaribu kuyamaliza.

Hatua ya tatu. Unaandika neno la siri. Meza ya kazi inaonekana, nawe unafikiri mambo yamekwisha. Bado! Nyuma ya meza ile, programu nyingi zinaamka kwa wakati mmoja bila kuitwa nawe: ya kuzuia virusi, ya kuongea na marafiki, ya printa uliyokwisha kuiuza, na nyingine zilizokuja na mashini toka kwa mwenyewe wa kwanza.

Ili kuelewa hatua hizi, fikirini mwalimu katika ofisi yake. Disiki ni kabati ambamo vitabu vyote vinakaa. Kumbukumbu ni meza yake. Hawezi kusoma kitabu kikiwa kabatini. Sharti akilete mezani kwanza. Kila asubuhi ordinatere inaanza na meza tupu, kwa maana umeme ukizimwa, vilivyokuwa mezani vinapotea. Kuamka, basi, ndiko kubeba vitabu toka kabati mpaka meza. Kukawia kwaweza kutoka katika sababu tatu kubwa: vitabu ni vingi kupita lazima, meza ni ndogo, ao kabati lenyewe ni bovu.

II. Saa ni chombo cha kwanza

Mtu anayesema «inakawia» hajasema kitu bado. Inakawia wapi? Chukueni saa na karatasi, muandike nyakati tatu: tangu kitufe mpaka alama ya Windows; tangu alama mpaka neno la siri; tangu neno la siri mpaka unapoweza kweli kuandika. Fanyeni vile siku tatu, maana siku moja huweza kudanganya.

Kuna mtego mmoja hapa. Tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, mashini nyingi hazizimiki kabisa ukichagua «Arrêter». Windows inahifadhi kiini chake katika disiki kama kilivyo, ili kesho iamke upesi. Lakini ukichagua «Redémarrer», inaanza yote upya. Kwa hiyo mtu anayepima leo kwa njia moja na kesho kwa njia nyingine anapima vitu viwili mbalimbali. Chagueni njia moja na kuishika. Sisi tulichagua «Redémarrer», tukaanza kuhesabu pale kioo kilipozimika.

Katika nyumba ya Golf tulipata hivi: mpaka alama ya Windows, sekunde 20, mpaka neno la siri, dakika 3 na sekunde 10, mpaka kuandika, dakika 8 na nusu. Jumla dakika 12 kamili.

Hesabu hii peke yake ilikwisha kutufundisha. Sekunde 20 za kwanza zilikuwa njema. Basi viungo vilivyokaguliwa na kiwanda havikuwa na neno. Kama ucheleweo ungalikuwa pale mwanzo, tungalitazama kama kuna flashi iliyosahauliwa katika tundu lake, ama kama ile pile ndogo ya saa imekwisha. Pile hiyo ni ya duara kama feza ya chuma. Katika mashini za mezani jina lake huwa CR2032. Ikiisha, mashini inasahau tarehe. Kila asubuhi inadhani kama ni mwaka wa zamani, na mara nyingine inasimama ikingoja mtu abonyeze kitufe. Watu wamekwisha kutupa mashini nzima kwa kosa la pile moja.

III. Mbele ya kugusa, nakilini

Tulimwambia binti: «Hatugusi kitu mpaka memuari yako iwe pahali pawili.» Alitaka tuanze kutengeneza upesi, maana siku za kutoa kazi zilikuwa karibu. Tulikataa. Anayetengeneza mashini yaweza kukosea. Na mashini inayokawia yaweza kuwa inakufa.

Basi tulichomeka flashi, tukanakili. Memuari ilipita. Barua za baba zilipita. Lakini tulipofika kwenye picha za jamaa, mashini ilisimama. Dakika moja, dakika mbili. Kiisha ikaendelea, kiisha ikasimama tena. Mwishoni picha chache zilikataa kabisa kusomwa. Kunakili kwenyewe kukawa kipimo cha kwanza, nacho kilikuwa kikisema neno zito. Tukakiandika katika karatasi, lakini hatukukata shauri bado.

IV. Vitabu visivyohitajiwa

Tukaanza na jambo lililo jepesi, lisilo na gharama. Bonyezeni pamoja vitufe vitatu vya klavie: Ctrl, Maj na Échap. Dirisha la «Gestionnaire des tâches» linafunguka. Humo kuna ukurasa wa «Démarrage», ambao katika Windows 11 unaitwa «Applications de démarrage». Hapo mtaona orodha ya programu zinazoamka pamoja na mashini, na kwa kila moja kipimo cha uzito wake: mdogo, wa katikati, ao mkubwa.

Kuzuia programu hapa si kuifuta. Inabaki katika mashini, nawe utaifungua siku unapoihitaji. Ila haitajifungua yenyewe. Lakini zingatieni: msizuie programu ya kulinda mashini wala ile msiyojua kazi yake. Tazameni jina kwanza, kiisha mwulize anayejua.

Orodha ya Golf ilikuwa na programu 9. Tukazuia 6: tatu za mwenyewe wa kwanza, moja ya printa isiyokuwapo, mbili za kuongea ambazo binti alikuwa akizitumia katika telefone yake. Tukawasha upya na kupima. Hatua ya tatu ilitoka dakika 8 na nusu mpaka dakika 5. Jumla sasa ni dakika 8 na nusu.

Baba alifurahi, akasema: «Basi, tumepona.» Sisi tulisema: Bado. Mgonjwa aliyekuwa na homa ya 40 akishuka hadi 39, hajapona. Tena hatua ya pili ilibaki dakika 3 na sekunde 10 kama kwanza. Kumbe, programu zile hazihusiki na hatua ya pili, kwa maana hazijaamka bado wakati ule. Sharti kuwe na sababu nyingine, iliyo chini zaidi.

Hii ndiyo faida ya kubadili kitu kimoja, kupima, kiisha kubadili kingine. Anayebadili vitu vitano pamoja, mashini ikipona, hajui ni kwa dawa ipi. Ikizidi kuugua, hajui ni kwa kosa lipi.

V. Kabati lenyewe

Tulifungua tena dirisha lile na kutazama kazi ya disiki. Ilionyesha 100 kwa 100: disiki haikuwa na pumziko hata kidogo. Lakini vitu ilivyokuwa ikitoa vilikuwa kidogo sana, hata megabaiti moja kwa sekunde havikufika. Na mstari wa «Temps de réponse moyen», maana yake muda wa disiki kujibu, ulikuwa ukipita milisekunde 1000. Ni kama karani anayetoka jasho siku nzima, na jioni unakuta barua moja tu mezani.

Ni kwa nini? Disiki ya namna ya zamani ni sahani inayozunguka, na kichwa kidogo kinachosoma juu yake. IBM ilitoa ya kwanza mwaka 1956. Disiki nyingi za mashini za kubeba huzunguka mara 5400 kwa dakika, ndiyo kusema mara 90 kwa sekunde. Mzunguko mmoja unachukua karibu milisekunde 11. Kichwa kikitaka neno moja, sharti kwanza kiende pahali pake, kiisha kingoje sahani ilete neno lile chini yake. Kwa kawaida ni nusu ya mzunguko, milisekunde 5 na zaidi. Kwa neno moja si kitu. Lakini kuamka kunadai vipande maelfu na maelfu vilivyotawanyika huku na huku. Ndiyo maana hata disiki nzima ya namna hii haina mbio.

Disiki ya Golf haikuwa nzima. Pahali fulani juu ya sahani palikuwa pameharibika. Kichwa kikifika pale, kinasoma, kinakosa, kinarudia, kinakosa, kinarudia tena, na programu zote zinangoja mlangoni. Tulitumia programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo, inayosoma habari ambazo disiki yenyewe inaandika juu ya afya yake. Rangi ya buluu ni uzima, ya manjano ni onyo, nyekundu ni hatari. Tulikuta manjano: sehemu nyingi zilizokuwa zikingoja kuhesabiwa kati ya zile zilizokufa.

Sasa tutazame tena yale mashauri matatu. Virusi? Tulikagua kwa programu ya ulinzi iliyomo katika Windows yenyewe, hatukuona kitu. Uzee? Viungo vingine vyote vilikuwa vizima. Kununua mashini nyingine kungalimaliza feza za jamaa ile kwa sababu ya kiungo kimoja. Kufuta yote na kuweka Windows mpya? Shauri hili ndilo lililotutetemesha. Memuari ingalifutwa pamoja na vitu vingine, na sahani iliyoharibika ingalibaki palepale. Pengine mashini ingalikimbia majuma mawili, kwa maana Windows mpya haina mzigo, na watu wangalimsifu fundi. Kiisha disiki ingalikufa bila kuaga.

Hatumlaumu fundi. Shauri lake ni jema kwa ugonjwa mwingine. Kosa lilikuwa kutoa dawa mbele ya kupima.

VI. Dawa, na kile kilichozaa ugonjwa

Jamaa walinunua disiki ya namna mpya, SSD, ya gigabaiti 240. Ndani yake hakuna sahani wala kichwa kinachotembea. Maneno yamehifadhiwa katika vipande vidogo vya elektroniki, na kila kimoja kinajibu kwa sehemu ndogo sana ya milisekunde. Tuliweka Windows mpya ndani yake, maana sasa kulikuwa na sababu ya kuiweka, na tukarudisha vitu vilivyonakiliwa. Tangu kitufe mpaka neno la kwanza la binti: chini ya dakika moja.

Lakini kazi ya kutafuta sababu haikwishia hapo. Tulijiuliza: ni nini kilichoharibu disiki? Disiki zote huchakaa kwa miaka. Lakini hii ilikuwa na betri iliyokufa mbele yake, na kila umeme ulipokatika, ulikuta disiki katikati ya kuandika. Faili inayokatwa nusu huharibika. Windows inayokatwa ikifanya marekebisho huamka na kuanza upya kila mara. Na kichwa cha disiki kinalazimishwa kukimbilia pahali pake pa kupumzika kwa ghafula. SSD nayo haipendi kukatwa vile. Ndiyo maana tuliwaambia jamaa: feza zinazofuata zitafute betri. Mwenye ordinatere ya mezani atafute ondulere, ile inayoshika umeme dakika chache ili mtu afunge kazi yake kwa amani. Katika majira ya mvua, radi zikianza, chomoeni waya.

Kuna mambo mengine mawili ya kwetu. La kwanza ni vumbi jekundu la kiangazi, tangu Mei hata Septemba. Linaziba ventilatere, mashini ikipata joto, inapunguza mbio yake yenyewe ili isiungue. Mkisikia ventilatere ikilia tangu dakika ya kwanza, isafisheni. La pili ni intaneti ya mega za kununua. Mega zikiisha katikati ya marekebisho, mashini itayatafuta tena kesho na keshokutwa. Katika mipango ya intaneti wekeni «Connexion limitée», kiisha siku moja mpate intaneti ya kutosha na mmalize marekebisho yote pamoja.

VII. Mtu atauliza

«Je, nikiongeza kumbukumbu, mashini haitaamka upesi?» Tunajibu: ndiyo, kama meza ndiyo iliyojaa. Ukiona kumbukumbu ya gigabaiti 4 imejaa karibu yote mara tu baada ya kuamka, meza ni ndogo, na mashini inalazimika kurudisha vitabu kabatini ili kupata nafasi. Lakini meza kubwa mbele ya kabati bovu haitasaidia sana.

«Je, programu mbili za kuzuia virusi hazilindi kuliko moja?» Hapana. Kila moja inataka kukagua kila faili, na moja inaikagua ile nyingine. Moja yatosha.

«Mashini yangu ina Windows 10. Je, niitupe?» Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakataa mashini nyingi za zamani, kwa kuwa inadai kiungo cha ulinzi kinachoitwa TPM 2.0. Lakini mashini nzima isiyokubaliwa na Windows 11 yaweza kupokea Linux, ambayo ni ya bure. Tena huko amri moja, «systemd-analyze blame», inaonyesha katika mashini nyingi kila kazi ya kuamka na sekunde zake.

Basi, kwa kifupi: nakilini kwanza. Pimeni kwa saa, hatua kwa hatua. Badilini kitu kimoja tu, kiisha pimeni tena. Anzeni na kisicho na gharama. Na mashini ikikawia siku baada ya siku kuliko jana, msizoee; pengine ni disiki inayoomba msaada ingali na nguvu ya kuomba.

Binti wa Golf alitoa memuari yake kwa siku iliyowekwa. Zile picha chache za jamaa hazikurudi. Mama wa nyumba alituuliza kama zingaliokoka, kama tungaliitwa mwaka mmoja mbele. Tulimjibu kwamba huenda, maana mashini ilikuwa ikikawia tangu mwaka ule. Sasa flashi yenye nakala inakaa katika kabati la vyombo, na kila jumapili jioni mtu mmoja wa nyumba ana zamu ya kuijaza.